Shahada ya Pili ya Sheria: Soma Hapa Kabla ya Kulipa Ada ya Maombi



Wengi mliosoma sheria Kongo mnatuuliza habari za shahada ya pili ya sheria, yaani LLM, katika vyuo vikuu vya Uganda. Tuanze na neno moja lililokwisha kuwapotezea watu fedha: gradua.

Katika mpango wa zamani wa Kongo, gradua ni miaka 3 ya kwanza chuoni, kisha hufuata miaka 2 ya lisansi. Kwa Kiingereza neno linalofanana na hilo humtaja mtu aliyemaliza shahada kamili. Jirani yangu hapa Nakivale aliliona kwenye tangazo la chuo kimoja, akadhani ndiye anayeitwa. Aliuza mbuzi wawili, akalipa ada ya maombi. Jibu likaja kwamba hana shahada ya kwanza ya sheria, na ada hairudishwi.

Basi mwenye gradua peke yake asiombe LLM. Mwenye lisansi ya sheria, jumla miaka 5, ana msingi wa kuomba. Mliosoma mpango mpya wa LMD, ambao lisansi yake ni miaka 3, ulizeni kwanza, maana shahada ya kwanza ya sheria Uganda ni miaka 4.

Wa kuulizwa ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kampala (NCHE). Ndilo linalolinganisha shahada za nje na za Uganda. Linataka diploma yako, karatasi za alama za kila mwaka, na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Usitafsiri mwenyewe, hata kama Kiingereza chako ni safi. Diploma ya sekondari haipelekwi huko. Hiyo ni kazi ya UNEB.

Aliyepoteza karatasi vitani asikate tamaa, wala asirudi kuzifuata kwa hatari. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 25, unaitaka nchi iliyotupokea itusaidie kupata hati ambazo hatuwezi kuziomba kwa serikali tuliyoikimbia. Pa kuanzia ni Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Kifungu cha 22 kinataja kutambuliwa kwa vyeti vya nje na kupunguziwa ada. Hakisemi kusoma bure.

Masomo ya LLM ni vipindi na mitihani, halafu tasnifu, yote kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, tangu mwaka 2000 kina LLM ya haki za binadamu ya mwaka mmoja: nusu ya kwanza Pretoria, nusu ya pili katika chuo kingine cha Afrika. Anayeitamani aanze mapema kuomba hati ya safari ya mkimbizi, maana hiyo huchelewa.

Jambo jingine: LLM haimfanyi mtu kuwa wakili. Uganda, njia ya uwakili hupita kwenye diploma ya LDC, Kampala.

Na msaada wa DAFI, ulioanza mwaka 1992, ni wa shahada ya kwanza. Haulipii LLM. Lakini mwenye gradua anaweza kuuomba ili aanze sheria upya. Najua miaka 4 inauma kwa mtu aliyekwisha soma 3.

Mwenye swali amwone mhudumu wa jamii wa kijiji chake. Njoo na nakala tu. Karatasi halisi ziache nyumbani, mahali pakavu.