London ya Mashariki: Mlango wa Wageni

Mtu akirudi kutoka London, jambo la kwanza aulizwalo ni kama ameiona nyumba ya Mfalme, na lile daraja lifungukalo merikebu zikipita. Nami naliulizwa hivyo hivyo. Nalijibu kwamba vyote viwili nilivitazama asubuhi moja, katikati ya msongamano wa watu walioinua kamera juu ya vichwa vyao, na kwamba adhuhuri ilipofika sikuwa nimejua lolote juu ya mji ule. Machache niliyoyajua niliyapata upande wa mashariki, katika mitaa ambayo mwenyeji wangu alinishauri nisipoteze wakati wangu kuizuru.

Hapo kale mji wa London ulizungukwa na ukuta. Kazi zenye harufu mbaya, kama kutengeneza ngozi, na watu ambao wakuu wa mji hawakupenda kukaa nao, viliwekwa nje ya ukuta, na hasa upande wa mashariki, kwa kuwa huko ndiko upepo uvumako siku nyingi. Tena merikebu zilitia nanga upande huo huo wa mto Thames. Basi mgeni aliyeshuka gatini na mzigo wake kichwani, akiwa hana jamaa wala fedha, hakuwa na safari ndefu: alitembea hatua chache akapanga chumba. Kwa muda wa miaka zaidi ya 300 wageni wameingilia mlango huo, na kila taifa limeacha humo chakula chake.

Msomaji atakayejaliwa kufika huko, na achague siku ya Jumapili, ashukie katika stesheni ya Liverpool Street. Asitoe sarafu ndani ya basi, kwani mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu tangu mwaka 2014. Siku hizi watu hugusisha kadi tu. Karibu na stesheni pana soko la nguo liitwalo Petticoat Lane. Nguo zenyewe si ajabu, hata Gikomba utapata bora kuliko zile. Lakini ukiuliza kwa nini soko hili la nchi ya Kikristo lilizoea kuchangamka Jumapili, utaambiwa kwamba wachuuzi wake wengi walikuwa Wayahudi, nao walipumzika Jumamosi.

JUMBA MOJA, WATU WANNE

Ukivuka barabara kutoka sokoni utaliona kanisa kubwa jeupe, Christ Church, lililojengwa tangu mwaka 1714 hata 1729. Ubavuni mwake yaanza njia iitwayo Fournier Street. Hapo nakuomba usiharakishe. Inua macho uzitazame orofa za juu kabisa za nyumba zile, utaona madirisha mapana kupita desturi. Waliokaa humo walikuwa Waprotestanti wa Kifaransa, wafumaji wa hariri. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliifuta amri iliyowapa ruhusa ya kuabudu kwa namna yao, nao wakakimbia kwa maelfu. Mfumaji wa hariri hawezi kufanya kazi gizani, na jua la London ni kama deni la mtu mkorofi, halilipwi ila kwa kuvizia. Ndiyo sababu ya madirisha yale.

Mwishoni mwa njia, pembeni mwa Brick Lane, lasimama jumba la matofali lisilovutia macho sana. Wafaransa hao walilijenga kuwa kanisa lao mwaka 1743, na mwaka huo umeandikwa ukutani juu, penye saa ya kivuli cha jua. Watoto wao walipokwisha kuwa Waingereza na kuhamia mitaa mingine, Wamethodisti wakalichukua mwaka 1819. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka katika dola ya Urusi. Maana Kaisari Alexander wa Pili alipouawa mwaka 1881, lawama iliwaangukia wao, wakapigwa na kunyang'anywa mali, na wengi wakaihama nchi. Tangu mwaka 1976 jumba lile ni msikiti wa Ijumaa wa Wabengali. Kuta ni zile zile. Nalisimama ng'ambo ya njia wakati wa adhuhuri, nikaona wazee wenye kofia na ndevu nyeupe wakipanda vidato ambavyo wafumaji walivipanda na Biblia zao za Kifaransa, na nikajiambia kwamba sijapata kuona kitabu cha historia kilichoandikwa kwa ufupi namna hii.

VYAKULA VYA BRICK LANE

Sasa tule, kwani msafiri hashibi historia.

Upande wa kaskazini wa Brick Lane yako maduka mawili ya mikate yaliyokaribiana, masalio ya siku za Wayahudi. Huuza mkate wa duara wenye tundu katikati, uitwao beigel. Siri yake ni kwamba donge la unga huchemshwa kwanza katika maji, ndipo likaokwa. Kwa hiyo ngozi ya mkate hung'aa na ndani huwa mzito wa kutafuna. Hupasuliwa, ukatiwa vipande vinene vya nyama ya ng'ombe iliyolowekwa siku nyingi katika maji ya chumvi na kupikwa polepole, pamoja na haradali kali na achari ya tango. Msomaji Mwislamu na aulize kwanza habari za nyama, au achukue wa samaki. Duka mojawapo halifungwi usiku wala mchana, na usiku wa manane utaona madereva wa teksi, wauguzi waliotoka zamu na vijana waliotoka ngomani wamepanga mstari mmoja bila kujuana. Wauzaji hawana maneno matamu. Sema utakalo upesi, lipa, mpishe mwenzio.

Ukielekea kusini harufu yabadilika, na mtu wa Mombasa au Lamu hatahitaji mtu wa kumweleza. Bizari, kitunguu kinachokaangwa, sambusa, biriani, na katika maduka madogo majani ya tambuu yaliyopangwa pamoja na popoo na chokaa. Wenyeji wa hapa asili yao ni Sylhet, wilaya ya kaskazini mashariki ya Bangladesh. Babu zao walikuwa mabaharia katika merikebu za Waingereza, nao walipewa kazi iliyokimbiwa na wengine, yaani kuchochea makaa mbele ya tanuri za mitambo. Baadhi yao walipofika London waliacha merikebu, wakajificha mitaani, wakaosha vyombo katika hoteli za watu hata wakafungua zao.

Walakini natoa onyo. Mbele ya hoteli nyingi husimama vijana wa kuita wateja, nao hukuahidi bei nafuu na kinywaji cha bure. Nalimfuata mmoja, nikaletewa mchuzi mwekundu wenye sukari uliotungwa kwa ajili ya ulimi wa Mwingereza. Chakula chenyewe cha Wabengali ni wali na samaki, hasa samaki wa mtoni mwenye miiba mingi aitwaye ilish, na nyama iliyopikwa kwa ganda la shatkora, namna ya balungi chungu la kwao. Siku ya pili nilizipita hoteli zenye vijana mlangoni, nikaingia mahali penye meza za kawaida ambapo wazee wa Kibengali walikuwa wakila kwa mkono. Nami nikala kwa mkono, na mwenye hoteli akaniongezea wali bila kuombwa.

Lakini hoteli hizi zapungua. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 na shirika la Runnymede Trust ulionyesha kwamba katikati ya miaka ya 2000 hoteli za mchuzi za Brick Lane zilikuwa 60, na mwaka huo wa 2020 zilikuwa zimebaki 23. Sababu ni nyingi. Kodi za nyumba zimepanda, kwa kuwa mabenki ya mji yako umbali wa kutembea kwa miguu na wafanyakazi wake wapenda kukaa karibu. Wapishi kutoka ng'ambo hawaruhusiwi kuingia kama zamani. Tena watoto wa wapishi wamesoma, wakawa mawakili na madaktari, wala hawataki kunuka vitunguu kama baba zao. Sababu hii ya mwisho si ya kusikitikia. Ndivyo walivyofanya Wafaransa na Wayahudi kabla yao. Tofauti ni kwamba wale walipohama waliwaachia nafasi wageni maskini waliofuata. Leo anayefuata ni tajiri. Sijui mgeni ajaye na mzigo kichwani atapanga chumba wapi kwa bei zile.

Tena mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu kwa upole. Mwisho wa Brick Lane, upande wa pili wa barabara ya Whitechapel, pana bustani ndogo ya majani. Hapo ndipo liliposimama kanisa jeupe lililoupa mtaa wa Whitechapel jina lake. Kanisa la mwisho liliharibiwa kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940. Jioni ya tarehe 4 Mei 1978, kijana mshona nguo wa Kibengali, Altab Ali, alichomwa kisu karibu na bustani hii alipokuwa akitoka kazini, akafa. Siku kumi baadaye maelfu ya Wabengali na rafiki zao walitembea nyuma ya jeneza lake mpaka katikati ya London. Tangu mwaka 1998 bustani imeitwa kwa jina lake. Ndani yake pana mnara mweupe mfano wa ule wa Dhaka, wa kuwakumbuka waliopigwa risasi tarehe 21 Februari 1952 kwa kudai lugha yao ya Kibengali itambuliwe na serikali. Leo katika stesheni ya Whitechapel jina la mahali limeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kibengali pia, tangu mwaka 2022. Sisi tusemao Kiswahili tutafahamu kwa nini mzee mmoja alikuwa akilipiga picha bango la stesheni.

SAFARI YA SIKU MOJA

Ukipata siku nyingine, nenda Greenwich. Anza asubuhi penye bandari ndogo ya St Katharine, kando ya ile ngome ya kale, Tower. Ilifunguliwa mwaka 1828, baada ya watu wapatao 11,300 kuondolewa katika nyumba zao. Katikati yake lasimama ghala lenye mnara wa saa, liitwalo Nyumba ya Pembe, maana humo ziliwekwa pembe za ndovu katika siku ambazo Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe. Sasa mashua za matajiri zimefungwa mbele yake, na watu hunywa kahawa kwenye baraza. Nami nilikunywa, lakini sikukaa sana.

Kutoka stesheni ya Bank panda gari moshi dogo lisilo na dereva, uketi mbele kabisa kama watoto wafanyavyo. Litakupitisha katikati ya majumba marefu ya mabenki, palipokuwa na gati za sukari na rom, nawe ushukie Island Gardens. Hapo utapita chini ya mto kwa miguu. Njia hiyo ya chini kwa chini, yenye urefu wa mita 370, ilifunguliwa mwaka 1902 ili makuli waliokaa upande wa kusini wafike gatini. Upande wa kaskazini utaona imepungua upana kwa sababu ya kiraka cha chuma, penye jeraha la bomu la vita.

Ukitokea ng'ambo, pita katika bustani kubwa isiyo na kiingilio, upande kilima mpaka penye nyumba ya kutazamia nyota iliyojengwa tangu mwaka 1675. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa walikubaliana huko Washington kwamba hapa ndipo dunia ianzie kuhesabu digrii za mashariki na magharibi, na saa zetu za Nairobi zimo mbele ya hapa kwa saa tatu. Nalijaribu kumweleza mlinzi mmoja kwamba sisi tunahesabu saa tangu alfajiri, akaona ni jambo la akili sana. Lakini kwao haliwezekani: mwezi wa Juni jua hutoka kabla ya saa kumi na moja, na mwezi wa Desemba halitoki mpaka saa mbili.

Juu ya paa pana mpira mkubwa mwekundu uliotiwa katika mlingoti tangu mwaka 1833, ili manahodha waliokuwa mtoni warekebishe saa zao kabla ya kusafiri. Ilipofika saa saba kasoro dakika tano mpira ukapanda nusu. Zilipobaki dakika mbili ukafika juu kabisa. Watu wote kilimani wakanyamaza. Saa saba kamili ukaanguka, bila kishindo, na chini kwenye mto, ambako zamani zilijaa merikebu, mashua moja ya abiria ilikuwa ikipita.