Mlipuko na Nyuzi za Ubongo: Jeraha Lisiloonekana

Bomu linapolipuka, gesi zinazotanuka kwa ghafla huisukuma hewa na kuzaa wimbi la mgandamizo linalokwenda kwa kasi kuliko sauti. Wimbi hilo, tofauti na vipande vya chuma, huweza kupita mwilini bila kutoboa ngozi, likapasua ngoma ya sikio, likajeruhi mapafu na kuutikisa ubongo ndani ya fuvu.

Ubongo ni laini, na tabaka zake hazilingani kwa uzito, hivyo unapotikiswa kila tabaka husogea kivyake, na nyuzi zinazopita mpakani huvutwa. Nyuzi hizo, ziitwazo akisoni, ndizo zinazopeleka ishara za umeme kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Nyingi zina unene wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, na baadhi zimefunikwa na ala ya mafuta iitwayo mayelini, ambayo huharakisha ishara. Ndani ya kila uzi mna mirija midogo ya protini, mfano wa reli, ambayo juu yake husafirishwa mahitaji ya seli. Uzi ukivutwa polepole hurefuka na kurudi, lakini ukivutwa kwa ghafla, reli hizo huvunjika.

Hata hivyo, uzi haukatiki papo hapo. Utando wake huanza kuvujisha, sodiamu na kalsiamu huingia kupita kiasi, na kalsiamu hiyo huamsha vimeng'enya vinavyomeng'enya kiunzi cha uzi wenyewe. Protini zilizokuwa safarini hukwama na kurundikana mahali reli ilipovunjika, uzi huvimba kama fundo, na baada ya saa au siku kadhaa hukatika. Ishara hudhoofika, huchelewa au hupotea, naye majeruhi hulalamikia kusahau, kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kushindwa kutulia kwenye jambo moja.

Malalamiko ya namna hiyo si mapya, kwani mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers alieleza katika jarida la Lancet habari za askari watatu waliopata matatizo ya kumbukumbu, kuona, kunusa na kuonja baada ya makombora kulipuka karibu nao. Madaktari wa wakati huo walibishana kama ugonjwa ni wa ubongo au wa nafsi, na baadhi ya wagonjwa walidhaniwa kuwa waoga. Mwaka 2016, Daniel Perl na wenzake nchini Marekani walieleza makovu waliyoyaona kwa hadubini katika bongo za marehemu waliowahi kuwa askari na kukumbwa na milipuko, makovu yaliyojipanga hasa kwenye mipaka ya tabaka za ubongo na kandokando ya mishipa ya damu.

Makovu hayo yalihitaji hadubini ili yaonekane. Picha ya CT, yaani picha ya eksirei ya ndani ya kichwa, ikiwa safi, basi, humweleza daktari kwamba fuvu halikuvunjika na damu nyingi haikuvuja. Kuhusu nyuzi zenye unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, haimwelezi lolote.