Kupanda Mchongoma: Maandalizi ya Afya kwa Msafara wa Baiskeli Milimani

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, daktari. Leo sikuja kwa ajili ya presha. Nimekuja kuomba ruhusa."

Mazungumzo ya namna hii yaweza kutokea katika kliniki yoyote ya magonjwa sugu, na mhudumu wa afya asiyejiandaa hujibu kwa neno moja tu: "Hapana." Jibu hilo ni rahisi, lakini mara nyingi si sahihi. Tumfikirie mwalimu huyu. Ana umri wa miaka 61, amestaafu, anaishi Handeni, na kwa miaka kadhaa sasa anatumia dawa za shinikizo la damu. Kijana wake anafanya kazi Ulaya, naye amejiandikisha katika msafara wa baiskeli unaoongozwa na wenyeji katika milima ya Himalaya. Kabla ya kwenda huko anarudi nyumbani kwa wiki mbili, ili baba na mwana waendeshe baiskeli pamoja kutoka Handeni hadi Korogwe, wafuate barabara kuu hadi Mombo, kisha wapande Usambara mpaka Lushoto. Mwalimu anauliza kama yeye ataweza, na kama mwanawe, akiishinda Usambara, atakuwa tayari kwa Himalaya.

Ni maswali mawili yenye majibu tofauti.

Vimo viwili visivyofanana

Barabara ya lami kutoka Handeni hadi Korogwe ina urefu wa kilomita 65. Korogwe iko katika bonde la Mto Pangani, takriban mita 300 kutoka usawa wa bahari, katikati ya mashamba ya mkonge na joto lake. Kutoka Mombo barabara inageuka na kupanda kwa kona nyingi, inapita Soni penye maporomoko ya maji, na baada ya kilomita zipatazo 32 inafika Lushoto, karibu mita 1,400 juu. Ukiendelea hadi msitu wa Magamba unavuka mita 2,000. Ni kupanda kwelikweli, na mapaja yatalalamika. Hata hivyo, ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana juu ya mita 2,500. Kwa hiyo msafiri wa Lushoto atachoka, atatokwa jasho na atahema, lakini hatapungukiwa oksijeni kwa kiwango cha kumtia hatarini, isipokuwa awe tayari na maradhi ya moyo, ya mapafu au ya damu.

Himalaya ni jambo jingine. Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, uko karibu kimo kilekile cha Lushoto, na hapo hapana tatizo. Lakini Leh, mji wa Ladakh nchini India ambako misafara mingi ya baiskeli huanzia, uko mita 3,500, na wageni wengi hufika kwa ndege, wakitoka tambarare asubuhi na kushuka milimani kabla ya adhuhuri. Juu ya Leh ipo njia ya Khardung La, mita 5,359. Huko Nepal, wanaozunguka milima ya Annapurna huvuka Thorong La, mita 5,416. Katika mita 3,500 kila pumzi ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni tunayoivuta pwani ya Tanga. Katika mita 5,500 ni nusu.

Kwa hiyo kijana asijidanganye. Kupanda Soni bila kushuka kwenye baiskeli kunathibitisha kwamba miguu na moyo vina nguvu, wala hakuthibitishi kwamba mwili wake utauzoea mwinuko. Nguvu za mwili hazimkingi mtu na ugonjwa huu. Vijana wenye afya njema hupatwa nao mara nyingi, kwa kuwa ndio wanaokwenda kwa haraka.

Ruhusa ya mwalimu

Turudi kwa mwalimu. Mhudumu amuulize mambo manne kabla ya kushika kalamu. Je, shinikizo lake limetulia katika vipimo vya miezi ya karibuni? Je, akipanda mlima kwa miguu hubanwa kifua, hukosa pumzi kupita kiasi au huona kizunguzungu? Je, miguu huvimba? Je, amewahi kuzimia? Likiwapo jibu la kutia shaka, apimwe moyo kwanza. Shinikizo likisomeka 180/110 au zaidi, safari iahirishwe mpaka litulie.

Mwalimu asipokuwa na dalili hizo, na shinikizo lake likiwa limedhibitiwa, mazoezi ni sehemu ya tiba yake. Aanze miezi mitatu kabla ya safari, mara tatu au nne kwa wiki, akiongeza umbali kidogo kidogo. Kipimo chake kiwe ulimi: akiweza kusema sentensi nzima huku akikanyaga pedali, kasi inamfaa, akishindwa kuimaliza, apunguze. Dawa zake asiziache hata siku moja kwa kuogopa kwamba "zitagombana na mazoezi". Lakini ni wajibu wetu kumweleza zinavyofanya kazi. Dawa za kuongeza mkojo zaweza kumkausha maji katika joto la Korogwe. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo zitamfanya achoke mapema mlimani, na hilo si dalili ya uzee wala uvivu.

Wagonjwa wengine wana tahadhari zao. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari, apange upya dozi na chakula pamoja na daktari wake, abebe glukosi au sukari mfukoni, na mwenzake mmoja ajue dalili za sukari kushuka. Insulini isichomwe na jua la Handeni wala isigande katika baridi ya Himalaya. Mwenye pumu aweke dawa ya kuvuta karibu na mkono, asiifungie chini ya mzigo. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende kwenye milima mirefu bila ushauri wa bingwa, kwa sababu upungufu wa oksijeni, baridi na kukauka maji ndivyo vinavyochochea maumivu makali ya ugonjwa huo. Hata mwenye kurithi selimundu upande mmoja tu, ambaye hajawahi kuumwa, aweza kupata madhara ya bandama akiwa juu sana. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo swali hili lisikose kuulizwa.

Joto la bondeni

Msimu ufaao Usambara ni Juni hadi Septemba, baada ya masika kupita. Waendeshaji waondoke Handeni alfajiri ili kufikia saa tano wawe kivulini. Wanywe kwa kufuata kiu, wala wasijilazimishe lita nyingi za maji matupu, kwani maji kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu na huweza kuleta degedege. Maji yaliyochanganywa na ORS yafaa sana kwa safari ya saa nyingi. Anayeacha kutokwa jasho, anayechanganyikiwa au kuyumba katika joto asiambiwe "jikaze". Apelekwe kivulini, apozwe kwa maji na upepo, na apelekwe hospitali.

Homa inayopanda mlima

Jambo ambalo kitabu cha msafiri wa Ulaya hulisahau, nasi hatuna ruhusa ya kulisahau, ni malaria. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya miteremko ya Usambara umeonyesha kuwa maambukizi ya malaria hupungua sana kadiri mtu anavyopanda, kwa kuwa baridi huchelewesha kukomaa kwa vimelea ndani ya mbu. Korogwe yenyewe ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto, na familia za Korogwe zina sehemu yao katika heshima hiyo. Lakini chanjo hiyo ni ya watoto. Mtu mzima anayepita huko ategemee chandarua chenye dawa, nguo ndefu jioni na dawa ya kujipaka.

Kijana wa mwalimu alikulia Handeni, naye atasema, "Mimi mwenyeji, malaria hainitishi." Akosolewe kwa upole. Kinga aliyokuwa nayo ilijengwa na kuumwa mara kwa mara na hupungua mtu akikaa miaka mingi mbali. Atumie dawa za kinga kama mgeni mwingine yeyote, kwa ushauri wa daktari. Akipewa doksisaiklini ajue kwamba yaweza kuifanya ngozi iungue kwa jua, nalo ni jambo zito kwa mtu anayeshinda barabarani.

Sasa tuhesabu siku. Vimelea vya malaria kali kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi baada ya mtu kuumwa na mbu kabla ya kuleta homa. Akiumwa Korogwe, kijana huyu aweza kuugua akiwa tayari Himalaya. Ataumwa kichwa, atatapika, atalegea, na kiongozi wa msafara asiyewahi kumwona mgonjwa wa malaria atasema, "Ni mwinuko huo, utapita." Kosa hilo laweza kuua. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtu aliyetoka Handeni au Korogwe wiki chache zilizopita ihesabiwe kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Abebe barua fupi ya daktari, kwa lugha ambayo viongozi wa huko wanaielewa, ikitaja alikotoka, tarehe, dawa anazotumia, mzio wake na sentensi hiyo ya homa.

Ugonjwa wa mwinuko nao una kanuni zake. Juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya kupumzika. Mwenye kuumwa kichwa na kichefuchefu asipande zaidi mpaka apone. Mwenye kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi, ashushwe mara moja, usiku au mchana, kwani ubongo au mapafu yake yanajaa maji. Dawa ya asetazolamaidi husaidia kuzuia, lakini haichukui nafasi ya kupanda taratibu, na mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze daktari kabla ya kuitumia. Wabeba mizigo wa Kilimanjaro wamelisema neno hili kwa maneno mawili kwa miaka mingi: pole pole.

Kushuka ndio ngoma

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kutoka Lushoto hadi Mombo baiskeli hukimbia yenyewe, kona ni kali, malori na mabasi yanapanda, na asubuhi ukungu hulala barabarani. Breki zikaguliwe mbele na nyuma kabla ya kuondoka. Zibanwe kwa vipindi, si mfululizo, zisije zikapata joto na kuteleza. Mwendeshaji abaki kushoto, na msafara uachane nafasi. Kofia ngumu ivaliwe na kufungwa kidevuni safari nzima.

Akianguka mtu na kupoteza fahamu, shingo yake isipindwe, asinyweshwe maji, wala asiketishwe kwa nguvu ili "apate hewa". Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi. Aliyegonga kichwa na kuamka asiachwe peke yake kwa saa 24. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida au akisema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe jeraha wala kufungwa kamba ya kukaza. Kiungo kitulizwe kwa banzi, naye abebwe.

Maswali kwa kiongozi

Kabla ya kulipa, mwalimu na mwanawe wamuulize kiongozi wa msafara, awe wa Lushoto au wa Nepal: Una mafunzo ya huduma ya kwanza, na ulipata lini? Gari litatufuata, au litakuwa umbali gani? Simu hukosa mtandao wapi? Kituo cha afya cha karibu ni kipi katika kila hatua? Kwa njia yetu, Handeni, Korogwe na Lushoto zina hospitali, na rufaa huelekea Bombo mjini Tanga au KCMC Moshi. Namba za simu ziandikwe kwenye karatasi, kwani simu ya mkononi huzima. Kwa Himalaya waongeze: Siku za kuzoea mwinuko ni ngapi? Mna oksijeni? Bima yangu inalipa helikopta, na imeandikwa hivyo wapi? Na swali la mwisho ndilo kubwa: Nikisema siwezi kuendelea, mtanirudisha bila ugomvi?

Kiongozi anayekasirishwa na maswali haya si wa kufuatwa.

Ruhusa ya mwalimu basi ni hii. Aende, baada ya miezi mitatu ya mazoezi, na dawa zake mfukoni, na gari nyuma yake. Akifika Soni na kifua kikambana, ashuke kwenye baiskeli na apumzike. Maumivu yasipoisha kwa dakika chache, au yakirudi, gari limpeleke hospitali bila kungoja wenzake. Kama ni uchovu wa miguu tu, apande garini bila kuona haya, awasubiri wenzake Lushoto na chai. Mwanawe naye akiyaona hayo atakuwa amejifunza, kabla hajafika Himalaya, kwamba mlima haukimbii. Anayerudi nyumbani mzima aweza kuujaribu tena mwakani.