RAM Yenu Haijajaa

Swali huja kwa sura ileile, liwe limetoka chuoni, kwenye chumba cha habari au SACCOS ya mjini: "Kaka, seva yetu ya tovuti imechoka, ina miaka kumi sasa, na RAM yake ya gigabaiti 32 imejaa muda wote. Tunataka kuhamia VPS. Ya gigabaiti 64 ni shilingi ngapi?"

Nikilijibu kama lilivyoulizwa, ofisi itaanza kulipa kila mwezi, tena kwa dola, kwa ajili ya RAM ambayo hakuna programu itakayoigusa. Seva hiyo haijajaa. Kuna uwezekano mkubwa kwamba haijawahi kujaa tangu itolewe kwenye boksi.

Ushahidi nao naujua kabla haujafika: picha ya skrini yenye amri ya "free -m". Kwenye safu ya "free" zimebaki megabaiti 400, na kijana wa IT amezizungushia duara jekundu. Duara hilo lingesogezwa kulia hadi safu ya "available", tusingekuwa na mazungumzo. Hapo ndipo penye hesabu ya RAM ambayo programu zinaweza kuipata zikiihitaji, na kwenye seva za namna hii huwa ni sehemu kubwa ya zile 32.

Linux haiachi RAM ikae bure. Kila faili likisomwa kutoka diski, iwe nembo ya kampuni, ukurasa wa PHP au kipande cha jedwali la wanachama, kerneli hubakiza nakala yake kwenye RAM ili likiulizwa tena lisifuatwe diskini. Nakala hizo ndizo kache. Programu ikitaka nafasi, kerneli huzitupa papo hapo na kuitoa, na mtembeleaji wa tovuti hajui kama kuna lililotokea. Kwa hiyo seva iliyowaka miezi sita bila kuzimwa ni lazima ionekane "imejaa". Tangu kerneli 3.14 ya mwaka 2014 mfumo wenyewe unakupigia hesabu ya kilichopo kweli. Kilichobaki ni kusoma safu sahihi.

Kutosoma safu kusingeniudhi sana kama kusingezaa dawa. Nikifungua orodha ya kazi za cron kwenye seva hizi nakuta mstari unaoandika namba 3 ndani ya "/proc/sys/vm/drop_caches", umenakiliwa mahali fulani, umepangwa uende kila usiku. Wengine wameupanga kila saa, na wanauita "kusafisha RAM". Na kweli, asubuhi safu ya "free" inapendeza. Sasa tuangalie kilichosafishwa. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, hivyo kungoja data ifike chini ya kichwa cha kusomea huchukua wastani wa milisekunde 4 na ushee, kabla hujahesabu muda wa mkono wa diski kusogea. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 40,000. Yaani umechukua kila kitu ambacho wasomaji wako hukiomba mara kwa mara, ukakitoa kwenye chombo cha haraka, ukawaambia waanze kukitafuta upya kwenye chombo cha polepole, tena yote kwa pamoja. Halafu saa mbili asubuhi tovuti inakwama, na mkutano unaamua kwamba RAM haitoshi. Maelezo rasmi ya kerneli yenyewe yanaonya kwamba amri hiyo si ya kudhibiti ukubwa wa kache, ni ya majaribio na kutafuta hitilafu. Ifuteni leo, kabla hata ya kufikiria kuhama. Na ile ya kuwasha upya seva kila alfajiri "ili ipumue" ifuate njia hiyohiyo, kwa kuwa inafanya jambo lilelile na kuongeza dakika za giza.

Kuna kinachochekesha zaidi. MySQL na MariaDB, zikisakinishwa na kuachwa zilivyo, hutenga megabaiti 128 tu kwa ajili ya hazina ya InnoDB, mahali ambapo hifadhidata huweka kurasa zake kwenye RAM. Ukinunua mashine ya gigabaiti 64, ni 128. Mpaka mtu afungue faili la mipangilio na kubadilisha "innodb_buffer_pool_size", hifadhidata haitajua kwamba umetumia fedha. Mstari mmoja huo, pamoja na faharasa kwenye jedwali ambalo swali lake linachukua sekunde tatu, umeokoa tovuti nyingi kuliko RAM yoyote iliyowahi kununuliwa.

Dalili za upungufu wa kweli ni mbili. Endesha "vmstat 1" wakati wa msongamano: safu za "si" na "so" zikicheza mfululizo badala ya kukaa kwenye sifuri, RAM inabanwa kweli. Au "dmesg" ikuonyeshe kwamba kerneli imeua programu kwa kukosa kumbukumbu. Kama hakuna hata moja, soma "available" kwa wiki nzima, pamoja na siku ya matokeo au mishahara, chukua namba yake ya chini kabisa, itoe kwenye jumla, kisha ongeza nusu ya jibu. Hiyo ndiyo saizi. Tovuti nyingi za taasisi ninazoletewa hukaa vizuri kwenye gigabaiti 4 au 8.

Idadi ya prosesa nayo isinakiliwe. Xeon E5-2620 mbili za mwaka 2012 huonekana kama prosesa 24 kwenye "top", ilhali ni kore 12 za gigahezi 2.0. Tazama wastani wa mzigo: kama haupandi juu ya 2, kore 4 za kisasa zinatosha na kubaki.

Mengine kwa haraka. Chagua VPS ya KVM, si ya kontena ambapo kerneli ni moja kwa wote. VPS ni chumba kwenye nyumba ya wapangaji, na jirani mwenye fujo huonekana kwenye "top" chini ya "st": ikikaa juu ya 10 kila siku, omba uhamishwe au uondoke, ndiyo maana lipa kwa mwezi kwanza, si kwa mwaka. Diski iwe SSD au NVMe, na hapo ndipo utakapoona faida halisi ya kuhama. Mahali: Dar es Salaam hadi Frankfurt ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kebo ingenyooka, na haijanyooka. Wasomaji wako wakiwa hapa, seva iwe hapa au jirani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, wasiojua thamani ya seva ya nyumbani waliijua siku hiyo. Ukibeba taarifa za wateja nje ya nchi, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Usihamishe diski nzima kama ilivyo. CentOS 7 iliachwa rasmi tarehe 30 Juni 2024, hivyo sakinisha mfumo mpya na ulete data tu. Nakala rudufu ziwekwe kwa kampuni nyingine, mji mwingine: jengo la seva la kampuni ya OVH kule Strasbourg liliteketea tarehe 10 Machi 2021, na waliokuwa na nakala ndani ya jengo hilohilo walipoteza vyote viwili. Barua pepe iangalie mapema, maana kampuni kadhaa kubwa za VPS hufunga mlango namba 25 wa kutumia barua. Siku mbili kabla ya kuhama, shusha TTL ya DNS iwe sekunde 300. Seva ya zamani iache ikiwaka mpaka logi zake zionyeshe hakuna anayeigonga tena, kisha futa diski zake kabisa kabla fundi wa Kariakoo hajazinunua, kwa sababu nywila za wanachama bado zimo.