Dhana ya Dosari katika Uigaji wa Kompyuta wa Vioo vya Metali

Katika metali ya kawaida, dosari hutambulika kwa urahisi. Atomu zimejipanga katika safu zinazojirudia, na palipo na nafasi tupu au safu iliyokatika hubainika kwa kulinganishwa na mpangilio mkamilifu wa fuwele. Vioo vya metali havina mpangilio huo. Tangu mwaka 1960, Klement, Willens na Duwez walipoipoza ghafla aloi ya dhahabu na silikoni iliyoyeyushwa hata ikaganda bila kufanya fuwele, swali limebaki: dosari ni nini pale ambapo hakuna ukamilifu wa kuilinganisha nao?

Spaepen (1977) aliitafuta katika nafasi huru zilizo baina ya atomu. Argon (1979) alitazama kundi dogo la atomu linalobadili mpangilio wake kwa pamoja chini ya mkazo. Falk na Langer (1998), wakitumia uigaji, walipima kiasi ambacho mwendo wa atomu na jirani zake unatofautiana na mgeuko sare wa umbo. Kipimo hicho kina manufaa makubwa, lakini huionyesha dosari baada ya kutenda. Ni kama kuutambua ufa baada ya ukuta kuanguka.

Ndiyo maana watafiti wengi hurejea kwenye muundo wenyewe. Katika aloi ya shaba na zirikoni, atomu za shaba zilizozungukwa na jirani 12 wanaounda umbo la nyuso 20 huwa tulivu, ilhali zenye ujirani uliopotoka huelekea kusogea kwanza. Uhusiano huo, hata hivyo, ni wa kitakwimu tu. Hautabiri atomu ipi itasogea.

Kikwazo kikubwa zaidi ni muda. Hatua moja ya uigaji huwakilisha takriban femtosekunde 1 au 2, hivyo hatua milioni 1 hufikia nanosekunde 1 au 2 tu. Kwa sababu hiyo kioo cha kompyuta kwa kawaida hupozwa kwa kelvini bilioni 10 au zaidi kwa sekunde, wakati utepe wa maabara hupozwa kwa takriban kelvini milioni 1. Kioo kilichoharakishwa namna hiyo hubeba maeneo dhaifu mengi mno, na mgeuko wake husambaa badala ya kujikusanya katika ukanda mwembamba. Idadi ya dosari iliyotajwa bila kasi ya upozaji, basi, haiwezi kulinganishwa na chochote. Mbinu ya kubadilishana nafasi za atomu za aina tofauti hupunguza pengo hilo, ingawa huficha njia halisi ambayo atomu zingepitia.