Kuusemeza Moyo: Ucha Mungu, Zuhudi na Tabia Njema katika Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha ushairi wa kale katika kidato cha tatu, shule ya bara, mbali na pwani. Tulikuwa tumefika kwenye Al-Inkishafi. Nilikwisha kuandika ubaoni kwamba dhamira ya utenzi huu ni kuonyesha ubaya wa mali, na wanafunzi wote walikuwa wameinama wakinakili. Mwanafunzi mmoja Mwislamu, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Baba yangu ana duka, na ndiye anayetoa zaka. Kama mali imekatazwa, zaka itatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Maelezo niliyokuwa nikiyatumia niliyapokea kutoka kwa walionitangulia, nami nikayapitisha kwa wanafunzi bila kuyapima. Jioni hiyo niliusoma tena utenzi kuanzia ubeti wa kwanza, na kesho yake nilifuta maneno yale ubaoni. Makala haya yanatokana na swali la mwanafunzi huyo. Yanakusudia kuwasaidia walimu na watahiniwa kuona jinsi washairi wa Kiislamu wa pwani yetu walivyoyashughulikia mambo matatu yanayotegemeana: ucha Mungu, zuhudi na tabia njema. Kazi mbili zitarejelewa, yaani Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona.

Watunzi na mazingira yao

Al-Inkishafi ilitungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate katika visiwa vya Lamu. Nasaba yake inafika kwa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut. Utenzi huu una beti zaidi ya 70, ingawa idadi hutofautiana kidogo kutoka toleo moja hadi jingine. Jina lake ni la Kiarabu, na maana yake ni kufunuliwa. Pate ilikuwa dola tajiri iliyofanya biashara ya baharini na Arabuni na Bara Hindi. Nguvu zake zilididimia, na pigo kubwa likawa vita vya Shela vya takriban miaka ya 1812 na 1813, ambapo Pate na wenzao wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu. Majumba ya fahari yakabaki magofu.

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka wa 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Alikuwa mgonjwa, naye akamwachia wasia binti yake, Mwana Hashima, katika beti 102.

Kazi zote mbili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kwa lahaja za kaskazini. Mwanafunzi asiogope. Akishajua kwamba mato ni macho, mai ni maji, na yua ni jua, nusu ya ugumu umeondoka. Kwa wasomaji wa leo, tenzi hizi mbili pamoja na ule wa Fumo Liyongo zimehaririwa na M. M. Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale (TUKI, 1999).

Nani anaambiwa?

Watahiniwa huulizwa mara kwa mara kuhusu nafsineni na nafsinenewa. Katika Al-Inkishafi swali hili ndilo mlango wa kuingilia. Baada ya kumtaja Mungu, kumsifu, na kumsalia Mtume, nafsineni hawageukii watu wa Pate kuwakemea. Haugeukii umma. Anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuuliza kwa nini hauamki.

Jambo hili lina mizizi katika mafundisho ya Kiislamu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba mwilini mna pande la nyama ambalo likitengemaa, mwili wote hutengemaa, na likiharibika, mwili wote huharibika. Pande hilo ni moyo. Wanazuoni kama Imam Al-Ghazali (1058–1111) waliandika kwa mapana juu ya maradhi ya moyo kama vile kiburi, husuda, na kupenda kuonekana. Sayyid Abdalla ni mrithi wa mapokeo hayo.

Hii ndiyo sababu toni ya utenzi huu si ya kukaripia tu. Ina huzuni ndani yake, na huruma pia. Anayejihesabu mwenyewe hasemi kama anayewahukumu majirani. Mtahiniwa atakayeandika kwamba mshairi anawalaani matajiri atakuwa amemkosea nafsinenewa, na akishamkosea huyo, majibu yake kuhusu toni na dhamira yatayumba.

Zuhudi si umaskini

Zuhudi ni hali ya moyo kutotawaliwa na mali. Si lazima mwenye zuhudi awe fukara, wala si kila fukara ana zuhudi. Mtu anaweza kulala njaa huku moyo wake umejaa uchu wa vitu asivyo navyo. Uislamu unaamrisha zaka, ambayo kwa fedha na mali ya biashara ni asilimia 2.5 kwa mwaka baada ya kufikia kiwango maalumu. Ibada ya namna hii haiwezekani pasipo na mali halali. Hapo ndipo mwanafunzi wangu aliponishika.

Tuzitazame sasa tamathali za Al-Inkishafi kwa jicho hilo. Ulimwengu unafananishwa na bahari iliyochafuka, yenye miamba ya matumbawe. Unafananishwa na mangati yanayometa jua la utosini, mwenye kiu akayakimbilia akidhani ni maji. Unafananishwa pia na vumbi linaloonekana katika mwale wa jua, mtu akijaribu kulishika, akifungua kiganja haoni kitu. Tena ni kama kisima kisicho na ukingo, chenye mnyama mwenye pembe anayemkumba kila anayekaribia kunywa.

Mwalimu awaulize wanafunzi: katika picha hizi, kosa ni la nani? Vumbi halijamdanganya mtu. Mkono ndio uliotaka kulifumbata. Kiu ya msafiri ni ya kweli, ila ameikimbiza kusikokuwa na maji. Msisitizo wa mshairi uko kwa mshikaji kuliko kwenye kinachoshikwa.

Huenda mhakiki akapinga kwa kutaja picha kali kuliko zote, ile ya dunia kuwa mzoga unaopendwa na mbwa. Je, hapo dunia haijatukanwa? Imetukanwa, na hatupaswi kuificha picha hiyo. Lakini mshairi haishii hapo. Anaushangaa moyo, ambao anauita wenye busara, unavyokubali kushindana na mbwa. Kinachomsikitisha ni ule uwaniaji, moyo kujishusha hadi kugombea kisichofaa kugombewa.

Ushahidi mwingine uko katika beti zinazowaeleza matajiri wa Pate. Mshairi anayataja majumba yenye taa za kung'aa na vidaka vilivyopangwa vyombo vya kaure, na wala hafichi kwamba yalipendeza. Anaeleza pia jinsi wenyewe walivyotembea kwa maringo, shingo wamezipinda, wafuasi mbele na nyuma. Kisha anatuonyesha vidaka vile vile vikiwa viota vya ndege, popo wananing'inia, na mende wanavuma vyumbani. Aliyekumbwa na pigo hapa ni kiburi kilichosahau kifo.

Ibada isiyo na tabia

Baadhi ya watahiniwa huandika kwamba maudhui ya tenzi hizi ni dini, kisha wakanyamaza. Jibu hilo si kosa, ila ni finyu. Ni dini katika upande wake gani?

Kuna mafundisho ya Mtume yanayofaa kuelezwa darasani. Aliwauliza maswahaba wake iwapo wanamjua muflisi ni nani. Walijibu kwamba ni yule asiye na fedha wala bidhaa. Akawaeleza kwamba muflisi wa umma wake ni atakayefika siku ya Kiyama na swala, saumu, na zaka, lakini alikuwa amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya mwingine na kumpiga mwingine. Mema yake yatagawiwa wale aliowadhulumu, na yakiisha kabla ya madeni kwisha, atatwikwa makosa yao.

Mafundisho haya yanatuwezesha kuuelewa mwisho wa Al-Inkishafi. Mshairi anapofika kwenye siku ya hukumu, habari si za moto pekee. Aliyedhulumiwa anasimama kudai haki yake kwa aliyemdhulumu, pasipo mtu wa kuingilia kati. Kwa hiyo hofu ya Mungu katika utenzi huu inarudi kwenye mahusiano ya watu: nani amemla nani, nani amemdharau nani. Ucha Mungu usiomzuia mtu kudhulumu haujafika moyoni.

Wasia wa Mwana Kupona

Mwana Kupona anaileta hoja hii nyumbani. Anamwita binti yake aketi karibu naye, na wino na karatasi viwe tayari. Mama huyu ni mke wa mtawala, angeweza kumpa binti vito, na kwa kweli anatumia lugha ya vito: anamvisha hirizi na kidani cha lulu na marijani. Vito hivyo ni maneno yake. Hapa zuhudi imeonyeshwa kwa sitiari badala ya kuhubiriwa. Inapendeza kwamba Sayyid Abdalla naye, mwanzoni mwa utenzi wake, anazungumzia tungo lake kama pambo la vito. Watunzi wawili wa kisiwa kimoja waliokota taswira moja.

Mpangilio wa wasia nao una maana. La kwanza ni kushika dini, faradhi na sunna. La pili ni adabu na ulimi mwema, ili binti apendwe kila aingiapo. La tatu ni ukweli na uaminifu, na kuepuka kuandamana na mtu asiyeshika haki. Ibada imetangulia, na mara moja imefuatwa na tabia. Baadaye anashauri uchangamfu usioudhi watu, na kutosema asiyoyajua.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kuwa msifu tu. Sehemu kubwa ya wasia inamtaka mke amtumikie mume na kutafuta radhi zake, kwa kiwango ambacho wasomaji wengi wa leo hukipinga. Aidha, binti anakatazwa kuchangamana na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Hii ni sauti ya tabaka la waungwana katika jamii iliyokuwa na utumwa, na haioani kwa urahisi na unyenyekevu unaofunzwa kwingineko katika utendi huo huo. Mtahiniwa aitaje hitilafu hii waziwazi, aieleze kwa kurejelea wakati na tabaka la mtunzi, bila kumtetea wala kumtukana.

Umbo linavyobeba ujumbe

Al-Inkishafi ina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 10 inayogawika 6 na 4. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja kinachobadilika kutoka ubeti hadi ubeti, ilhali wa nne huishia kwa kina kisichobadilika mpaka mwisho. Utendi wa Mwana Kupona una mpango kama huo wa vina, ila mizani ni 8. Msomeeni mwanafunzi beti tano mfululizo kwa sauti. Atasikia jinsi kina cha mwisho kinavyorudi. Watu, majumba na vyombo vinabadilika, lakini hatima inabaki ile ile.

Ushauri kwa mtahiniwa

Ukipewa shairi lenye maudhui ya kidini katika karatasi ya 102/3, usikimbilie neno dini. Jiulize nafsineni ni nani na anamwambia nani. Tambua ni sifa gani anayoihimiza au kuikosoa, kwa mfano kiburi, tamaa, dhuluma, au ulimi mbaya. Thibitisha kwa tamathali na ueleze kinachofananishwa na kinachofananishiwa. Mwisho, husisha umbo na ujumbe. Huhitaji kuwa Mwislamu ili ujibu vizuri. Unahitaji kumsikiliza mshairi kabla hujamsemea.

Hitimisho

Kwa jumla, tenzi hizi zinafundisha kwamba ibada, zuhudi, na tabia njema ni hatua za safari moja, na safari hiyo huanzia moyoni. Mwanafunzi yule alimaliza shule zamani. Nami kila nifikapo Al-Inkishafi huanza somo kwa swali lake, kisha nikakaa kimya hadi darasa lijaribu kulijibu.

Maswali ya marudio

1. Nani ni nafsineni na nafsinenewa katika Al-Inkishafi? Eleza jinsi uhusiano wao unavyoathiri toni. (alama 6)
2. "Al-Inkishafi haikosoi mali bali mshikaji wake." Jadili kwa kurejelea tamathali nne. (alama 8)
3. Onyesha jinsi Utendi wa Mwana Kupona unavyohusisha ibada na tabia njema, kisha uhakiki hitilafu moja katika maadili yake. (alama 6)