Udi: Harufu Itokayo Katika Jeraha la Mti



Nyumba ya Mwambao isiyokuwa na chetezo ni nadra kuiona. Bibi harusi hufukizwa kabla ya kutolewa. Kanzu ya bwana harusi hufukizwa kabla ya kwenda kuoa. Na mgeni wa heshima hupitishiwa chetezo kabla hajaaga. Yako manukato yaliyo na wenyewe. Kikuba na koja la asumini ni pambo la wanawake, wala hapana mwanamume wa kwetu atakayejipamba nalo. Udi haukuwekewa mpaka huo. Kaa ni lilelile na kipande ni kilekile, na moshi wake huingia katika kanzu ya baba kama uingiavyo katika leso ya mama.

Hata hivyo, tukiulizwa udi ni kitu gani na watoka wapi, wengi wetu hujibu kuwa watoka dukani. Juma hili twapenda kulieleza jambo hilo, kwa sababu kutoujua udi kwatupotezea fedha zetu, na kwachangia kumaliza misitu ya nchi tusizowahi kuziona.

Tangu zamani manukato ya thamani yamezungukwa na ngano. Herodotus, Mgiriki aliyeishi karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), aliandika kwamba miti ya ubani ya Arabuni ililindwa na nyoka wadogo wenye mbawa, na kwamba hawakuweza kufukuzwa ila kwa moshi. Katika vitabu vyetu wenyewe, mwanahistoria al-Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, amepokea habari kwamba Nabii Adam (a.s.) alipoteremshwa katika ardhi ya Bara Hindi alikuwa na majani ya Peponi, na kutokana na majani hayo yakapatikana manukato ya nchi ile. Habari hizo husomwa kama habari za wanahistoria, wala hazijengewi itikadi. Lakini zatuonyesha jinsi watu wa kale walivyostaajabu: iweje kuni iliyokauka itoe harufu kama ile?

Wajapani nao wana masimulizi yao, yaliyoandikwa katika tarikh yao ya kale. Wasema kuwa mwaka 595 gogo lililetwa na mawimbi katika kisiwa cha Awaji. Watu wa kisiwani wakalitia jikoni pamoja na kuni nyingine, na moshi wake ukanukia mbali mno, hata wakaliondoa motoni na kulipeleka kwa malkia wao. Mpaka leo katika mji wa Nara limehifadhiwa gogo la udi liitwalo Ranjatai, lenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu na uzito wa kilo zipatazo 11 na nusu. Mwaka 1574 mtawala Oda Nobunaga aliruhusiwa kukata kipande kidogo tu, na jambo hilo likahesabiwa kuwa ni heshima kubwa.

Basi, ukweli wa udi ni upi? Ni kwamba mti wenyewe haunuki. Miti ya jamii ya Aquilaria huota katika misitu ya Assam na Bangladesh, ikapitia Thailand, Kambodia, Laos na Vietnam, hata Malaysia na visiwa vya Indonesia. Mti ulio mzima una ubao mweupe, mwepesi, usiokuwa na harufu ya kutajika, nao ukitiwa majini huelea. Hubadilika unapojeruhiwa. Mdudu akiutoboa, au tawi likivunjika, au shoka likiupiga, kuvu huingia katika jeraha. Mti hujilinda kwa kutoa utomvu mzito mweusi ulizunguke jeraha lile. Mwaka baada ya mwaka ubao hulowa utomvu huo, ukawa mweusi, mgumu na mzito. Ubao uliolowa hivyo ndio udi. Ule ulio bora zaidi huzama majini, na ndiyo maana Wachina waliuita kwa jina lenye maana ya harufu izamayo.

Kwa hivyo kile tukifukizacho ni dawa ambayo mti ulijitengenezea wenyewe katika maradhi yake. Subhanallah! Mwenye kuzingatia ataona kuwa ajabu hii yawashinda nyoka wote wenye mbawa.

Na hapo ndipo msiba ulipoanzia. Mwituni ni sehemu ndogo tu ya miti hiyo iliyo na udi ndani yake, na si rahisi kuijua kwa kuitazama kwa nje. Wawindaji wa udi hukata mti huu wakakosa, wakakata ule wakakosa, mpaka waupate ulio nao. Kadiri bei ilivyopanda, hata kilo moja ya udi wa daraja la juu ikafikia maelfu ya dola, ndivyo misitu ilivyozidi kuhilikiwa. Mwaka 1995 aina iitwayo Aquilaria malaccensis ilitiwa katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vya porini, na mwaka 2004 jamii nzima ya Aquilaria ikaongezwa. Tangu hapo biashara yake baina ya nchi na nchi yahitaji kibali. Hiyo Aquilaria malaccensis yahesabiwa leo miongoni mwa miti iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Faraja iliyopo ni kwamba watu wamejifunza kuupanda. Huko Assam hupandwa katika viunga vya nyumba, na Vietnam, Thailand na Malaysia wana mashamba yake. Mti ukishakua hutobolewa makusudi na kutiwa kuvu, kisha husubiriwa. Udi wa shamba haufiki daraja la ule wa kale wa mwituni, lakini ni udi wa kweli, na haukuuawa msitu kwa ajili yake.

Tuje katika hukumu na adabu zake, kwani maswali ni mengi. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Abdullahi bin Omar (r.a.) alikuwa akijifukiza kwa udi mtupu, na mara nyingine akitia kafuri pamoja nao, na akasema kuwa ndivyo alivyokuwa akijifukiza Mtume (s.a.w.). Na katika hadithi za sifa za watu wa Peponi imetajwa kuwa vyetezo vyao ni vya udi. Hivyo mwanamume asiudhanie kuwa ni mambo ya kike. Ama mwanamke, nyumbani kwake na mbele ya mumewe ajifukize apendavyo. Lilikokatazwa kwake ni kutoka akiwa amejitia manukato na kuwapitia wanaume wa kando ili waisikie harufu yake. Tofauti basi haimo katika ule udi wenyewe, imo katika mahali na makusudio. Wazungu wa Ulaya walizoea kutenga rafu za manukato ya wanaume na ya wanawake. Lakini tangu udi ulipoenea katika maduka yao mwanzoni mwa karne hii, manukato yake mengi huuzwa kwa wote wawili. Kwetu chetezo kimoja kilitosha tangu hapo.

Jambo jingine lahitaji tahadhari. Imepokewa hadithi yenye kutaja “udi wa Kihindi” kuwa ni dawa ya maradhi mbalimbali. Wanavyuoni wameeleza kuwa kinachokusudiwa humo ni kust, nao ni mzizi wa mmea mwingine kabisa. Akitokea muuzaji akakwambia uchemshe vipande vya udi wa kufukiza umnyweshe mtoto, naye akaitolea hadithi hiyo kuwa hoja, usimfuate.

Na tuzungumzie soko. Mama zetu wana udi wao wa kupika: hupika sukari, wakatia chembe za udi, marashi na mafuta ya manukato. Huo ni ufundi wa halali, kwani muuzaji na mnunuzi wote wajua ni kitu gani kinachouzwa. Udanganyifu ni kuchukua ubao mtupu, kuutia rangi nyeusi na kuulowesha mafuta ya kiwandani, kisha kuuita udi wa Kambodia. Wasomaji wanajua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji umefichwa chini, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Ubao uliopakwa rangi ni rundo lilelile.

Mnunuzi naye afungue macho. Kipande cha kweli huwa na michirizi, mahali peusi na mahali peupe, kwa kuwa utomvu hauenei sawasawa. Kilicho cheusi pande zote kama kilichochovywa kitiliwe shaka. Kisugue kwa kitambaa chenye maji. Kikiacha rangi, kiache nawe. Omba chembe moja itiwe juu ya kaa: udi hutoa utomvu wenye kuchemka na moshi laini, na kilichotiwa dawa huanza kwa harufu kali yenye kuwasha pua. Na bei ikiwa rahisi mno kwa kitu kilichoitwa bora mno, hilo peke yake ni jawabu.

Pamoja na hayo, moshi ni moshi. Kaa linaloungua ndani ya chumba kilichofungwa lina hatari, hivyo dirisha na liwe wazi, chetezo kiwe mbali na watoto wanaotambaa, na nyumba yenye mgonjwa wa pumu itosheke na mafuta au marashi. Si sunna kumfukiza mtu hata akakosa pumzi.

Nasaha yetu kwa wanaojiandaa na harusi ni hii. Tumeona familia zikikopa ili kujaza sinia la udi lionekane na wageni, na nusu ya sinia lile ni mbao zilizopakwa rangi. Nunueni kidogo kilicho cha kweli, cha shamba, kwa muuzaji anayeweza kusema amekipata wapi. Chembe mbili juu ya kaa zatosha nyumba nzima. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na udi wa kweli haukuhitaji kamwe sinia kubwa ili ujulikane kuwa umo nyumbani.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu na atujaalie tabia zinazonukia kuliko nguo zetu. Amin.